Yesu alikuwa anamwomba nani Gethsemane?

"Padre, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Tanga. Kitinda mimba wangu anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Juzi tukiwa barazani akaniuliza: 'Mama, Yesu kule bustanini alikuwa anamwomba nani? Si yeye mwenyewe ndiye Mungu?' Nikampa mfano tuliofundishwa sisi utotoni: maji, barafu na mvuke, vitu vitatu lakini maji ni yaleyale. Jirani yangu Mwislamu, mtu tunayeazimana chumvi, alikuwa amekaa hapohapo anachambua mchele. Akasema kwa upole tu: 'Sasa mama, hiyo barafu ilikuwa inaongea na mvuke wake?' Mtoto akacheka, mimi nikakosa la kusema. Nimjibu nini mtoto? Na jirani naye nimwambie nini?"

Milele amina, mama.

Nianze na jambo ambalo huenda hukulitarajia kutoka kwa padre: jirani yako amepatia. Mfano wako ulikuwa na tobo, na yeye amelitia kidole palepale lilipo. Maji yakishakuwa mvuke, barafu haipo tena. Ukimwambia mtoto kwamba Mungu yuko hivyo, unamfundisha Mungu mmoja anayebadilisha mavazi: jana Baba, leo Mwana, kesho Roho. Kwa hesabu hiyo Gethsemane inageuka mchezo wa kuigiza, mtu mmoja anajibadilishia sauti gizani, na lile jasho lililodondoka kama matone ya damu halina maana yoyote.

Kanisa lenyewe lilikwisha kulikataa fundisho hilo zamani sana. Katika karne ya 3 lilishika jina la Sabelio, mwalimu aliyefundisha Roma, na hata kabla ya jina lake kuvuma, Tertuliano wa Karthago, kule iliko Tunisia ya leo, alikuwa ameshamshambulia mtu mwingine mwenye mawazo kama hayo, kwa kejeli kali: kwamba amemfukuza Roho na kumsulubisha Baba. Huyu Tertuliano ndiye aliyetupatia neno Trinitas kwa Kilatini, ambalo sisi tunaliita Utatu. Kwa hiyo jirani yako, bila kujua, amerudia hoja ya Mwafrika mwenzetu wa miaka 1,800 iliyopita. Mpe hongera.

Mfano wa yai nao haufai, nauandika hapa kabla hujaukimbilia. Ganda peke yake si yai, wala kiini peke yake si yai, lakini sisi hatusemi Mwana ni theluthi moja ya Mungu. Na ile hesabu ya wahubiri wa mikutano ya hadhara, kwamba moja mara moja mara moja ni moja, huwa inanitia aibu kidogo. Ni ujanja wa ubaoni. Mwenzako akiamua kujumlisha badala ya kuzidisha, umekwisha. Mtakatifu Gregori wa Nazianzo, akihubiri Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mwaka 380, alieleza jinsi alivyohangaika kutafuta mfano: akachukua chemchemi na mto, akachukua jua na mwonzi na mwanga, mwishowe akaiacha yote kwa sababu kila mmoja ulimtoa kwenye kosa hili ukamwingiza kwenye lile. Kama Gregori aliyepewa jina la Mwanateolojia alishindwa, wewe na mimi tusione haya.

Sasa turudi kwa mtoto, maana swali lake ni zito kuliko alivyojua.

Marko ndiye anayeyaleta maneno yenyewe karibu kabisa na kinywa cha Yesu: "Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Neno Aba ni la Kiaramu, lugha aliyoisema nyumbani Nazareti, na mwinjili ameliacha kama lilivyo. Sikiliza sentensi ilivyojengwa. Kuna "mimi" na kuna "wewe". Hakuna namna ya kuisoma ukampata mtu anayejisemesha peke yake. Mwana anaongea na Baba. Mwana si Baba, wala Baba si Mwana, na hilo ndilo jibu la kwanza unaloweza kumpa mtoto bila kigugumizi: hakujiomba mwenyewe, alimwomba Baba yake.

Kiswahili hapa kimetusaidia kuliko lugha nyingi, na sijui kama huwa tunaliona hilo. Tunasema Mungu mmoja katika nafsi tatu. Hatukusema watu watatu, na tulifanya vema, kwa kuwa watu watatu ni miili mitatu, akili tatu, kila mmoja na shauri lake. Neno nafsi ulikutana nalo darasani pia: nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu, yaani mimi, wewe, yeye. Pale bustanini ndicho kilichopo, mimi na wewe za kweli ndani ya Mungu aliye mmoja. Neno lenyewe halimalizi kila kitu. Mtakatifu Augustino, aliyeandika vitabu 15 juu ya Utatu kwa miaka mingi, anakiri kwamba tunasema "nafsi tatu" ili tu tusibaki kimya kabisa, si kwa kuwa neno limetosha.

Lakini mtoto wako hakuishia hapo. Aliongeza: "Si yeye mwenyewe ndiye Mungu?" Hapo ndipo padre mmoja wa Aleksandria aitwaye Ario aliposimama. Yeye aliona hivi: anayeomba ana shida, anayeogopa kikombe hawezi kuwa Mungu kamili, basi Mwana ni kiumbe, cha kwanza na bora kuliko vyote, ila kiumbe. Fundisho likawa tamu masikioni. Inasimuliwa kwamba alilitungia nyimbo za mabaharia na wasaga nafaka, likaenea bandarini kama singeli inavyoenea leo. Mwaka 325 Kaisari Konstantino akawaita maaskofu Nikea, mji unaoitwa Iznik huko Uturuki, na huko likapitishwa neno moja la Kigiriki, homoousios. Wewe unalisema kila Jumapili kwa Kiswahili: "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba."

"Aliyezaliwa bila kuumbwa" tunaipitia mbio, tumeizoea mno. Atanasi, shemasi kijana wakati wa Nikea na baadaye askofu wa Aleksandria, aliifafanua kwa kulinganisha nyumba na mtoto. Mtu hujenga nyumba kwa kuamua, na nyumba si mtu. Mtu huyohuyo akizaa, anayezaliwa ni mtu kama yeye, damu yake. Mwenye kiwanda cha samani Tanga anaweza kutengeneza vitanda 100 na asiwe baba wa hata kimoja. Ario alimweka Mwana upande wa vitanda. Nikea ilimweka upande wa mtoto, ikaongeza kwamba kwa Mungu kuzaa huku hakuna mwanzo wala mama wala tumbo. Ni kwa milele. Kwa msimamo huo Atanasi alifukuzwa kwenye kiti chake mara tano, na jumla ya miaka yake uhamishoni inakaribia 17. Kwake hoja haikuwa ya vitabuni. Alisema kama Kristo ni kiumbe, basi tumekuwa tukiabudu kiumbe, na tena hajatufikisha kwa Mungu, kwa sababu kiumbe hakiwezi kukupeleka mahali ambapo chenyewe hakijafika.

Usidhani walioyajadili haya walikuwa wazee wa vyumbani tu. Gregori mwingine, wa Nisa, aliyeshiriki Mtaguso wa Konstantinopoli, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 381, analalamika kwamba mjini mle huwezi kufanya jambo: unataka kubadilishiwa fedha, mwenye meza anakuhutubia kuhusu aliyezaliwa na asiyezaliwa, unauliza bei ya mkate, unajibiwa kwamba Baba ni mkuu kuliko Mwana, unauliza kama maji ya kuoga yako tayari, mhudumu anakuambia Mwana ametokana na pasipo kitu. Baraza lako na mchele wako mama, mko katika ukoo mzuri.

Sasa kuomba. Kama Mwana ni Mungu kweli, mapenzi yake na ya Baba si ni yaleyale? Imekuwaje aseme "si kama nitakavyo mimi"? Sentensi hii moja ndiyo iliyomgharimu mtu ulimi wake. Karne ya 7, Kaisari Konstante wa Pili, mwaka 648, alitoa amri kupiga marufuku mjadala wowote kama Kristo ana mapenzi mamoja au mawili. Alitaka utulivu katika dola. Mmonaki Maksimo akakataa kunyamaza. Alishikilia kwamba Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli, na mtu kweli ana utashi wa kibinadamu, unaoogopa kifo kama unavyoogopa wako na wangu. Anayetetemeka bustanini ni Mwana wa Mungu mwenyewe, kwa moyo wa mtu. Utashi ule wa kibinadamu haukumgomea Mungu, ulikubali, ukiwa umelowa jasho. Mwaka 662 Maksimo, mzee wa zaidi ya miaka 80, alikatwa ulimi na mkono wa kulia ili asiseme wala asiandike tena, akapelekwa uhamishoni pande za Jojia, akafa mwaka uleule. Mtaguso wa tatu wa Konstantinopoli, mwaka 680 hadi 681, ukafundisha alichokifundisha. Tunamwita Muungamadini.

Kwa hiyo weka mambo mawili pamoja. Katika umungu, Baba na Mwana wana mapenzi mamoja, hawavutani. Bustanini, Mwana huyo amevaa ubinadamu wetu mzima, na uhusiano wake wa tangu milele na Baba unapita sasa kwenye koo la mtu. Kwa Mungu, kuwa Mwana ni kupokea vyote kutoka kwa Baba na kumrudishia vyote. Kwa mtu mwenye hofu, usiku, akiwa amepiga magoti, kuwa Mwana husikika hivi: "Aba." Yohana anaanza Injili yake akisema Neno "alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu". Hiyo "kwa" naipenda sana. Kiswahili tukisema mtoto yuko kwa baba yake tunamaanisha yuko nyumbani, hakwenda kutembea. Kabla ulimwengu haujakuwapo Mwana alikuwa kwa Baba namna hiyo, na kule bustanini ukuta umetobolewa kidogo, sisi wa nje tukasikia wanavyozungumza.

Hapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huwa wananyosha mkono. Kama kuna mimi na wewe za kweli, si tayari ni miungu wawili, na tukimtaja Roho, watatu? Petro, Yakobo na Yohana wana ubinadamu mmoja, mbona tunawahesabu watu watatu? Swali hili zuri lilimfikia Gregori wa Nisa naye akaliandikia kitabu kidogo. Jibu lake ni kwamba mafundi watatu wakijenga nyumba, kila mmoja ana tofali lake. Ukimwondoa mmoja, wawili wanaendelea. Kwa Mungu hakuna kazi ya Baba peke yake ambayo Mwana anaitazama kwa mbali. Kila tendo linaanza kwa Baba, linapita kwa Mwana, linatimia katika Roho, nalo ni tendo moja. Yesu analisema kwa maneno machache: "Mimi na Baba tu umoja." Angalia sarufi. "Tu", yaani sisi, wingi. Kisha "umoja", si "mmoja". Kigiriki chake kiko vilevile, na Tertuliano alilidaka hilo mapema: hakusema sisi ni yuleyule, alisema tu kitu kimoja.

Huenda umeona nimemsahau Roho Mtakatifu. Kila mtu humsahau. Hata Nikea ilimtaja kwa maneno machache kisha ikanyamaza. Basili wa Kaisaria, kaka wa Gregori wa Nisa, alilazimika kuandika kitabu kizima kwa sababu watu walinung'unika alipowasalisha "utukufu kwa Baba pamoja na Mwana, pamoja na Roho". Ugomvi wote ule juu ya "pamoja". Sisi tumerithi ushindi wake tukisali rozari, "Atukuzwe Baba na Mwana na Roho Mtakatifu", na mimi hukitazama kile kitenzi: watajwa ni watatu, lakini hakisemi "watukuzwe". Mwalimu wa sarufi ataniambia kitenzi kikitangulia kinaweza kufuata nomino ya kwanza peke yake. Sawa. Mimi bado hukitazama.

Lugha imemheshimu Roho kwa njia nyingine pia. Tunasema "roho inaniuma", "roho safi", ngeli ya vitu. Tukifika kwa Mungu tunabadilika ghafla: Roho Mtakatifu, anatuongoza, atokaye. Mashahidi wa Yehova, wanaofundisha kwamba hiyo ni nguvu ya Mungu tu, huandika "roho takatifu" kwa herufi ndogo. Imani nzima imejificha kwenye kiambishi. Na Paulo anamwita Roho huyu nani? Anawaandikia Wagalatia kwamba Mungu alimtuma Roho wa Mwanawe mioyoni mwetu, "aliaye, Aba, yaani, Baba". Lile neno la bustanini limerudi. Alilolia Yesu akiwa peke yake, wanafunzi wakikoroma hatua chache pembeni, sasa Roho analilia ndani ya mtu yeyote aliyebatizwa, akiwemo kijana wako anayesumbua barazani. Ndiyo maana nasema Utatu haukuanza kama fumbo la hesabu ambalo maaskofu walilibuni kisha wakatulazimisha. Watu walianza kwa kusali, wakajikuta wanasali kwa Baba, pamoja na Mwana, ndani ya Roho, nao ni Wayahudi waliolelewa na "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja". Walikataa kuliacha lolote kati ya hayo. Iliwachukua miaka 300 kupata maneno.

Nimetaja fumbo. Neno hili nalo linatuponza, kwani mtaani fumbo hufumbuliwa. "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua". Mtoto akisikia "fumbo la Utatu" anadhani ni kitendawili, kwamba wakubwa wana jibu ila wanasubiri wapewe mji. Katika Maandiko maana yake ni siri ya Mungu ambayo yeye mwenyewe amekwisha kuifunua, na unaweza kuingia ndani yake bila kuimaliza. Kuna hadithi maarufu ya Augustino na mtoto aliyekuwa akimwaga bahari kwenye shimo la mchanga. Ni hadithi ya baadaye, haimo katika maandishi yake, na tunaipenda kwa sababu inamnyamazisha anayeuliza. Augustino mwenyewe hakunyamaza.

Kuhusu jirani. Mwambie kwanza mnapokubaliana, nako ni kwingi: Mungu ni mmoja. Surat al-Maida inakataa kwamba Isa na mama yake ni miungu wawili badala ya Mwenyezi Mungu, na sisi tunakataa vilevile. Mariamu ni kiumbe, na kwetu Utatu haujawahi kuwa Mungu, Mariamu na Yesu. Tunaposema Mwana hatumaanishi Mungu alioa. Kisha usimfiche mnapotofautiana, maana ni mtu mwenye akili na atajua unamzunguka. Sisi tunasadiki kwamba Neno wa Mungu, asiye na mwanzo, ni Mungu, na kwamba amekuwa mtu. Yeye hasadiki hivyo, na hilo halimalizwi na mfano wowote wa jikoni. Anaweza kufurahi kujua kwamba Waislamu nao, wakati wa Khalifa al-Ma'mun, mwaka 833, waliwahi kupelekana mbele ya mahakimu kwa swali kama maneno ya Mungu yameumbwa au hayakuumbwa, na Imamu Ahmad bin Hanbal akafungwa kwa kushikilia kwamba Kurani haikuumbwa. Si jambo lilelile na letu, tafadhali usilitumie kama mtego. Ila linaonyesha kwamba anayemwabudu Mungu mmoja kwa dhati lazima siku moja atauliza Neno lake liko wapi kwake.

Jambo moja zaidi la tahadhari. Mkifika kwenye Biblia, usikimbilie ile aya ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 5, inayowataja Baba, Neno na Roho mbinguni. Maneno hayo hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Erasmus, mwanazuoni aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, hakuyaweka katika chapa zake za 1516 na 1519, akayaingiza 1522. Utatu haukusimama juu yake, na mtu aliyesoma atakuumbua.

Kwa mtoto, mimi ningesema hivi, kwa sentensi fupi, mkiwa mnafanya kazi nyingine: "Yesu alikuwa anaongea na Baba yake. Yeye ni Mwana, si Baba. Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, na Mungu ni mmoja tu, wanapendana hivyo tangu kabla ya dunia. Wewe ukisema Baba Yetu, Roho Mtakatifu anakuingiza kwenye mazungumzo yao." Akiuliza wanawezaje kuwa mmoja, mwambie hata mama hajui yote, na akiendelea mlete kwangu. Kisha mwangalie anavyofanya ishara ya msalaba. Watoto huipiga kama wanafukuza inzi. Mshike mkono taratibu, paji la uso, kifua, bega hadi bega, na asikie kwamba wametajwa watatu na jina ni moja: kwa jina, si kwa majina.

Na jirani akija tena na ungo wake, mwambie padre amesema kuhusu ile barafu yeye ndiye aliyekuwa sahihi.